Siku Mbili za Opera na Mama Mkwe

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na akisoma kitu hawezi kukiacha kikae kwenye karatasi. Miaka michache iliyopita alisoma mahali kwamba wako watu wanaosafiri siku mbili tatu tu, si kwa biashara wala kwa msiba, ila kwenda mji fulani kusikiliza opera, kutazama baleti na kula vizuri, kisha wakarudi makwao. Alinisomea habari hiyo nikiwa kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule.

"Hao hawana watoto wa kuwapikia," nikamwambia.

"Wanao," akasema. "Ila nao wana majirani."

Basi tukaanza, kwa vile vilivyokuwepo. Likizo ya kwanza tuliwaacha watoto kwa jirani tukaenda Bujumbura kuangalia wapiga ngoma na kula samaki wa kuchoma. Ya pili tulialikwa harusi Ujiji, tukapata taarab siku mbili na pilau ambayo mpaka leo mume wangu huizungumzia akiwa na njaa. Halafu mwaka jana likaja tangazo kwamba vijana wanaosomea uimbaji na uchezaji wangekuja Kigoma kutoka Dar es Salaam. Jumamosi jioni wangeonyesha opera fupi, na Jumapili alasiri wangecheza baleti. Mume wangu alinunua tiketi mbili siku hiyo hiyo, akaweka na chumba kwenye nyumba ya wageni inayotazama ziwa.

Sisi tunakaa Mwandiga. Kutoka kwetu hadi Kigoma mjini ni mwendo mfupi, mtu anaweza kwenda sokoni Mwanga na kurudi kabla maharage hayajaiva. Majirani waliposikia tunakwenda kulala mjini walicheka sana. Jirani mmoja aliniuliza kama nyumba yetu ina kunguni.

Siku tatu kabla ya safari mume wangu alicheza mpira na wanafunzi wake, akateguka kifundo cha mguu. Mguu ulivimba ukawa kama mhogo mnene. Habari ikafika Kasulu, na Ijumaa mama yake akashuka kwa basi na jogoo mkononi kuja kumwona.

Hapa lazima niseme kidogo juu yangu na mama mkwe. Tulikuwa tumeishi miaka kumi na minne bila ugomvi hata mmoja, na bila mazungumzo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia. Nilimwuliza habari za shamba, akasema nzuri. Akija kwetu nilimchinjia kuku, alikula kidogo akashukuru, kisha akahamia upande wa mwanawe na kuongea naye Kiha mpaka jioni. Niliamini hanipendi, na nilikuwa na sababu yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Jioni ile mume wangu, mguu ukiwa juu ya stuli, akasema kana kwamba anaomba chumvi, "Tiketi zisipotee bure. Nendeni nyinyi wawili."

Nilimtazama. Mama mkwe naye alimtazama.

"Kwenda wapi?" akauliza.

"Kusikiliza watu wanaimba, mama. Na kula."

"Kwani hapa hatuli?"

Lakini asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa kitenge chake cha kijani na kilemba, anasubiri mlangoni. Jirani alikubali kuwaangalia mgonjwa na watoto. Tukachukua bajaji mpaka mjini, mimi na begi langu, yeye na kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa, kwa sababu, alisema, chakula cha hoteli hakijui mtu.

Chumbani alikagua kila kitu. Alifunua shuka, akanusa mto, akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Halafu akasimama dirishani, akaangalia ziwa kwa muda mrefu. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, hafifu.

"Ukiwa Kasulu unasahau kwamba maji haya yapo," akasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia bila kuulizwa.

Mchana ule alikula viazi vyake amekaa kitandani, amenipa mgongo. Katika ukoo wao mama mkwe na mke wa mwana hawali wakitazamana, ingawa wengi wameshaacha. Mimi nilikula chapati uani.

Saa kumi na moja tulikuwa ukumbini. Mimi ni fundi nguo, kwa hiyo nilitazama mavazi kwanza. Gauni la mwimbaji mkubwa lilikuwa la satini nyekundu, zuri kwa mbele, ila kwa nyuma lilibanwa kwa pini sita, nadhani kwa sababu aliyeshonewa alikuwa mwingine. Nilimwonyesha mama mkwe zile pini. Aliinama kuzihesabu, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Waliimba kwa Kitaliano. Kabla ya kila sehemu kijana mmoja alitoka kutueleza kwa Kiswahili kinachofuata, na mimi nikamnong'oneza mama mkwe kwa Kiha, maana Kiswahili cha haraka humchosha. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee tajiri anataka kujua nani anampenda kweli, kwa hiyo anajifanya amekufa. Wanamlaza mezani, wanamfunika shuka, kisha wanaingia mpwa wake, mtumishi wake na mke wake kumlilia, mmoja baada ya mwingine.

Mpwa aliimba. Mtumishi aliimba. Halafu, chini ya ile shuka, marehemu naye akaanza kuimba, sauti nzito kama ngoma kubwa, akituambia sisi watazamaji anachokiona.

Mama mkwe aliuliza kwa Kiha, na kwa sauti anayotumia shambani kumwita mtu aliye bondeni, "Kama amekufa, anaimba nini?"

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaojua Kiha. Kicheko kilianzia mstari wetu kikapanda mpaka nyuma. Yule kijana chini ya shuka alikuwa wa Dar na hakuelewa neno, lakini kicheko kilimshika na yeye. Tuliona tumbo lake likipanda na kushuka, shuka ikatetemeka, na wimbo ukakatika katikati. Mpiga kinanda alirudia mistari miwili kumsubiri.

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilipomgeukia mama mkwe nilikuta ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi ya kicheko yanamtoka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Nami nikashindwa kujizuia, tukaanza kugongana mabega kama wasichana wa shule.

Kisha akaingia mke wa marehemu, yule mwenye pini sita, akapiga magoti kando ya meza. Alianza taratibu sana, karibu sauti isisikike, halafu ikapanda ikajaza ukumbi. Nilitaka kumtafsiria mama mkwe, lakini alinigusa mkono ninyamaze.

"Huyu analia kweli," akasema. "Huyu ndiye aliyempenda."

Tulipotoka jua lilikuwa linazama upande wa Kongo. Tulitembea mpaka karibu na stesheni ya reli. Hapo akasema, "Baba yao alipokufa mimi sikutoa hata sauti. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikujua kuwa mtu anaweza kuimba namna ile. Labda ningeimba." Nilimwambia pole, mama. Akasema asante, akaniuliza kama nimechoka.

Jumapili asubuhi alitaka kwenda Ujiji, kwa sababu mwanawe alikuwa amemsifia vitumbua vya kule. Tulivipata kwa mama mmoja anayevipika barazani, vya moto, na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Mama mkwe alikula vitatu, amenigeuzia bega tu, si mgongo mzima. Nikaona hayo ni maendeleo.

Mchana nikampeleka Kibirizi, kwenye mgahawa mmoja karibu na mwalo ambako mitumbwi ya wavuvi huteremsha samaki. Kikapu cha viazi kilikuwa kimeisha, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Mwenye mgahawa alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Kuna mgebuka wa kukaanga, kuna kuhe wa mchuzi, na dagaa wa mawese wametoka jikoni sasa hivi."

"Tuletee mgebuka na ugali wa muhogo," nikasema. "Mama hali dagaa."

Mama mkwe aligeuka mzima mzima.

"Nani hali dagaa?"

"Wewe, mama."

"Nani amekuambia?"

Mwenye mgahawa alisimama pale, anatuangalia kwa zamu. Ilinibidi niseme lile jambo nililolikalia miaka kumi na minne.

"Wiki ile baada ya harusi yetu, mama. Nilikupikia dagaa wa mawese, ndicho chakula cha kwanza nilichokupikia. Uliweka tonge moja mdomoni, ukasogeza sahani, ukatoka nje. Mawifi zangu wote waliona. Nikajua nimekukosea, na toka siku ile sijakupikia dagaa tena."

Alifikiri. Alikunja kipaji cha uso kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya kikapu. Kisha akaweka kidole shavuni, upande wa kushoto.

"Jino," akasema.

"Jino gani?"

"Hili hapa, lilikuwa limeoza. Nilipouma lile tonge nilitaka kupiga kelele. Nyumba imejaa wageni, bibi harusi ananiangalia, nipige kelele za jino? Nikatoka nje nikashika ukuta. Wiki iliyofuata niling'oa." Akafungua mdomo akanionyesha pengo. Mwenye mgahawa naye aliinama kuliona.

Nami nikaliangalia.

"Na mimi kila nikija kwako," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "nasikia harufu ya dagaa kwa jirani, kwako napewa kuku. Kuku, kuku, kuku. Nikasema huyu binti ananifanya mgeni. Mgeni ndiye anayechinjiwa kila mara, wa nyumbani anapewa kilichopo. Nikasema, basi, hataki niwe wa nyumbani. Nikakaa upande wangu."

"Mama, kuku wote wale..."

"Hata kuku wenyewe siwapendi sana," akasema.

Mwenye mgahawa ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akasema anawaletea hawa watu dagaa wengi. Aliwaleta kwenye sinia moja na ugali mmoja mkubwa, hakutuuliza kama tunataka sahani mbili. Dagaa walikuwa wamekaushwa juani vizuri, mawese yamewatia rangi ya machungwa, na vitunguu na pilipili moja nzima juu. Mama mkwe aliliangalia lile sinia. Kisha akavuta kiti chake akakaa kunielekea, akanawa, akamega tonge. Tulikula mpaka tukafuta sinia. Mwishoni alinisogezea ile pilipili, kwa sababu alikuwa ameniona naipenda.

Tulikaribia kuchelewa baleti. Tuliingia wakati vijana wanane wamekwisha kusimama jukwaani, wasichana watano na wavulana watatu, wamevaa nguo nyepesi za rangi ya majivu. Hapa hapakuwa na maneno ya kutafsiri. Msichana mmoja mwembamba alisimama juu ya ncha za vidole vyake akavuka jukwaa zima kwa hatua ndogo ndogo, na mama mkwe akanishika mkono. Mvulana alipomrusha juu, mama mkwe aliuminya kwa nguvu. Hakuuachia mpaka yule msichana aliposhushwa salama, na hapo akapumua kama aliyembeba ni yeye.

Walipomaliza, watu wakitoka, mama mkwe alikwenda mbele badala ya nyuma. Nilimfuata mbio. Yule msichana alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, anafungua kamba za viatu.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hivyo vidole viko salama?"

Msichana alivua kiatu akamwonyesha. Vidole vilikuwa vimezungushiwa plasta, na kimoja kilikuwa na kucha nyeusi. Mama mkwe alikichukua kile kiatu, akakigonga kwenye ncha kwa kidole, kama anavyogonga chungu kipya sokoni kusikia kama kina ufa.

"Kigumu," akasema. "Unaumia?"

"Naumia, bibi. Ila nikiwa nacheza sisikii."

"Umekula?"

Msichana akasema bado. Mama mkwe akanigeukia mimi, akasema kwa Kiha nimwelekeze ule mgahawa wa Kibirizi. Nikamwelekeza, na rafiki zake wakasogea kusikiliza.

Tulirudi Mwandiga kabla ya giza. Mume wangu alitaka kujua yote, na tulimweleza wawili kwa pamoja, tukikatizana, mpaka akasema polepole, mmoja mmoja. Tulipofika kwenye habari ya jino aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia miaka yote hiyo. Mama yake akamjibu kwamba yeye hakuwahi kuuliza, alikuwa anakula kuku.

Tangu hapo mama mkwe hunipigia simu mwenyewe kuuliza likizo inaanza lini. Mwezi uliopita tulikwenda naye Tabora kwa treni, kusikiliza kwaya tatu zilizokutana siku moja. Kwaya ya pili ilimpendeza sana, akasimama peke yake kupiga makofi. Chakula hakikumridhisha. Aliomba aonyeshwe jiko, akaingia, na alipotoka nusu saa baadaye alikuwa ameshafundisha watu wawili kusonga ugali wa muhogo.