Shahidi wa Moshi

Kampuni ilipotaka kujenga mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe jirani na kijiji chetu, upande wa Isansa, tulifungua kesi kuupinga. Wenzangu walinichagua niwe shahidi wa kwanza. Walitaja sababu mbili: nina sauti kubwa, na nina suti. Mimi nilisikia ya tatu, kwamba nina busara, ambayo hakuna aliyeitaja.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mke wangu akachoka. "Baba watoto, unakwenda mahakamani au kuhubiri?"

Kizimbani nilieleza jinsi moshi utakavyotua kwenye kahawa yetu na masizi yatakavyoingia visimani. Nilimalizia mkono ukiwa juu. Wakili wa kampuni akainuka taratibu.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mkulima. Na nachoma tofali."

"Unachomea nini?"

"Kuni, mheshimiwa. Na makaa ya mawe, kidogo."

"Tanuri liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na moshi wake unaelekea wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, jirani yangu akaropoka kutoka kwenye mabenchi: "Kwangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata jaji aliinamia karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilirudi kukaa nikiwa nimeloa jasho, na hakuna aliyenisogelea.

Baada yangu aliitwa mjane mmoja wa kijijini, mama asiyependa maneno mengi. Kampuni ilidai kwamba iliitisha mkutano wa kutusikiliza, sisi hatukutokea. Wakili wetu akamuuliza siku hiyo alikuwa wapi.

"Nilikuwa namzika mume wangu," akasema. "Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Gari lao lilitupita njiani."

Siku ile nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, gari lile likatutimulia vumbi, lakini katika hotuba yangu yote jambo hilo halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika na mkono wa kuinua mwishoni.

Jaji alisimamisha ujenzi mpaka tathmini ya mazingira ifanywe upya na sisi tusikilizwe. Tulirudi tukiimba.

Mkutano mpya ulipoitishwa, nilifika mapema nikakaa mbele kabisa, nikisubiri kuombwa. Wenzangu wakamchagua yule mama mjane kuwa msemaji. Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia kwa upole.

"Na wewe, kaka, tusaidie kupanga viti."

Nilivipanga, na vilinyooka vizuri.