Majina ya Mapasa

Kwetu, mapasa, watoto wanaozaliwa wawili pamoja, hawatafutiwi majina. Yako tayari mbele hawajazaliwa: anayetoka wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na mama anabaki Mama Mapasa. Ku avenue yetu hapa Kalemie tulikuwa Mama Mapasa wawili, mimi na jirani wa ngambo ya barabara. Basi watoto wetu wakubwa, wale waliotoka wa kwanza, walikuwa na jina moja.

Kolera ilitupata juma moja. Mimi nilipona. Mukubwa wa jirani alipona. Wangu alikufia ku kile kitanda cha tundu cha wagonjwa wa kuhara, asubuhi, nami nina sindano ya serumu mu mukono. Sikulia. Mupaka leo sijalia.

Kisha wanafunzi wa iniversite wakakuja na tablete. Walisema wanafundisha mashini ijue kolera inaanzia wapi, ili bomba la maji safi liwekwe kule watoto wanakokufa. Nikajibu yote.

Siku walipoonyesha kazi yao, ramani ya vifo, ku ukuta wa sale ya mikutano, avenue yetu ilikuwa nyeupe. Ati hakuna mutoto aliyekufa. Nikamufuata asistanti aliyewaongoza.

"Papa, wangu iko wapi?"

Akatafuta mu ordinatere, ile komputa yake. "Huyu hapa, Mama. Alipona."

"Ule ni wa jirani. Sasa hivi iko anacheza mupira."

"Jina moja, avenue moja, umri mumoja, mama ni Mama Mapasa. Mashini iliona mutoto mumoja ameandikwa mara mbili. Tukafuta mumoja."

"Nani alifuta?"

"Mimi. Hiyo njo kusafisha data, Mama. Tunafundishwa hivyo."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa Mpala, hapa karibu ku ziwa."

"Ku Mpala hawazai mapasa?"

Akataka kucheka, akaacha. "Wanazaa, Mama."

"Basi umurudishe."

"Kazi imekwisha kutetewa mbele ya walimu wa iniversite. Profesa ametia sahihi." Akafunga ordinatere polepole, kama muntu anayefunga mulango wa mugonjwa.

Wengine wanasema ni mashini. Hapana. Ni yule asistanti wa Mpala, anayejua majina ya mapasa tangu utoto, na ni profesa wake, aliyetia sahihi bila kuuliza mama hata mumoja. Kolera haikusoma. Wao walisoma.

Bomba wakaliweka avenue ya juu. Huku kwetu bado tunateka maji ya ziwa. Kuni zikipatikana, ninachemsha.