Aina Mbili za Mzazi

Niliacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, nikauza vitunguu sokoni Ipogolo ili wadogo zangu wawili wasome. Wa kwanza alisomea kompyuta Mbeya. Ndiye aliyeandika mfumo wa usajili unaotumiwa na sekondari niliyotaka kumwandikisha kitindamimba wetu.

Siku ya mwisho ya usajili, karani alinigeuzia kompyuta nione. Palipoandikwa "mzazi" palikuwa na majibu mawili tu, baba au mama, na mfumo haukukubali paachwe wazi.

Nikampigia mdogo wangu palepale.

"Dada, kwenye programu niliweka aina mbili tu za mzazi," alisema. "Nyingine mfumo unazikataa."

"Na fomu zako wewe za shule, alikuwa anasaini nani?"

Nikasikia akigonga vitufe vya kompyuta. Kisha akasema, "Nisamehe, dada. Naongeza sasa hivi."

Chai ya karani ilikuwa bado ya moto jibu la tatu lilipotokea chini ya yale mawili. Mdogo wangu alikuwa ameandika "mtu mwingine".

Nilimwambia karani achague hilo, maana kitindamimba wetu alikuwa mlangoni anasubiri kujua kama amepata shule.