Zamu ya Maji ya Mzee Anaeli

Aisee, mlimani Meru kote hakuna aliyekuwa na wivu kama Mzee Anaeli! Enzi hizo za Mwingereza, maji ya mfereji yalienda kwa zamu. Msimamizi anapuliza baragumu kule juu, usipotokea, maji anapewa jirani. Na jirani mwenyewe ndiye Yeremia. Migomba ya Yeremia inameremeta, kahawa yake imezaa mpaka matawi yanainama. Ya Anaeli? Imejikunja kama tumbaku kavu!

"Kamhonga msimamizi pombe!" Anaeli akafoka. "Wiki ya tatu hii baragumu langu halilii!"

Mkewe Aikande akamsogelea, akapaza sauti. "Baba Ndeshi, limelia! Mbuzi wamesikia, wewe tu hujasikia!"

Akamburuta mpaka zahanati ya misheni. Siku tatu akawekewa mafuta ya uvuguvugu masikioni, ya nne dresa, yule msaidizi wa daktari, akayasafisha kwa maji ya bomba la sindano. Wee! Yakatoka madonge ya nta, meusi, makubwa kama buni.

Ijumaa baragumu likalia, Anaeli akaruka na jembe lake. Hajafika mferejini, akasikia mtu anaita kwa nguvu zote: "Anaeli ee! Zamu yako, ndugu yangu! Njoo, nisiyachukue tena!"

Yeremia. Kumbe kila wiki alikuwa anamwita.

Maji yakaingia kwenye migomba ya Anaeli, shwaa! Badala ya kushukuru, akanuna.

"Sasa una nini tena?" Aikande akauliza.

"Umeisikia ile sauti ya Yeremia? Nzito, tamu! Hata hiyo kapewa yeye!"