Kidole cha Kipa

Mpaka leo wakimtaja marehemu mjomba wangu, hawakosi kumalizia na kidole cha kipa. Alikuwa kocha hodari, watasema, timu aliijenga kwa mikono yake, kilichomharibia ni kile kidole tu. Mimi nimekaa nao hapo hapo, nakunywa kahawa yangu, nanyamaza. Leo nasema kidole hicho kilikotoka, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Mjomba, kaka wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana kauli juu yako kuliko baba aliyekuzaa. Alinishusha kutoka milimani nikiwa sijui hata kuvaa viatu, akaniweka katika nyumba aliyopewa na kiwanda pale Morogoro mjini, akanisomesha, na nilipomaliza akanitafutia ukarani kiwandani hapo hapo. Yeye mchana alikuwa fundi wa mashine, jioni kocha wa timu ya kiwanda. Ukocha hakuusomea popote. Alichokijua ni kuwapandisha wachezaji mlimani kwa mbio kila Jumamosi asubuhi, kisha wakishuka anawakalisha chini na kuwauliza mmoja mmoja: jana umekula nini? Mkeo hajambo? Viatu vilikuwa vya kuazimana na jezi zilishapauka, lakini dakika za mwisho, wageni wakiwa wameshika viuno, vijana wetu ndio kwanza wanapamba moto. Watu walitoka Kilakala kwa miguu kuja kuwatazama.

Kisha tukapoteza mechi moja. Ilikuwa mechi ya kupanda daraja, nyumbani kwetu, mbele ya watu wetu, na tulipigwa tatu bila. Baadaye ikajulikana kwamba kipa alivunjika kidole siku mbili kabla, akaficha, akacheza nacho, kwa vile hakutaka kuikosa mechi ile. Hakuna aliyejua. Hata mkewe hakujua. Lakini mashabiki wakishafungwa hawataki habari za kidole, wanataka mtu.

Enzi zile za ujamaa hakuna jambo lililokwenda bila mkutano. Tukakutana ukumbi wa kiwanda, wafanyakazi na mashabiki, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa tawi la mashabiki, daftari la mihtasari mkononi. Hoja ilikuwa moja: mzee apumzishwe, timu apewe kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya Mashariki, mwenye cheti, firimbi ya chuma na ubao wa kuchorea. Mwenyekiti akasema, "Ndugu zangu, wanaounga mkono hoja wanyooshe mikono." Hakunyoosha mtu. Wote walitazama miguu yao, kwa kuwa hapakuwa na mmoja mle ndani ambaye mzee hakuwahi kumtengenezea baiskeli au kumsindikizia mgonjwa.

Ndipo mtunza stoo, bwana mmoja mwenye domo, akasema kutoka nyuma: "Mwangalieni katibu. Mpwa wake huyo! Leo ndio tutajua kama hapa tunajenga ujamaa au undugunaizesheni."

Watu wakacheka. Asiyeishi miaka ile hawezi kujua neno lile lilivyouma. Mtu akishasemwa kwamba anabeba ndugu zake, basi, kazi iko mashakani na jina limeoza. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, hakugeuka. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: mkono mmoja haumwangushi mtu. Hakuna mwingine aliyenyoosha. Nikinyoosha wangu nitakuwa nimejisafisha, hoja itaanguka, na jioni mimi na mjomba tutaicheka njiani. Nikanyoosha.

Loo! Kumbe ukumbi mzima ulikuwa unaningoja mimi. Wakaona, kama hata aliyelelewa nyumbani kwake ananyoosha mkono, basi kuna jambo analijua ambalo sisi hatulijui. Mikono ikaanza kupanda, mmoja, mitatu, kumi, mpaka ukuta wa nyuma sikuuona. Niliandika kwa mkono huo huo majina kadiri yalivyofuatana, na chini yake: wote wameunga mkono. Mjomba akasimama, akawashukuru wajumbe, akatoka. Hakuniuliza kitu jioni ile, wala kesho yake, wala siku alipofunga mizigo. Nyumba ilikuwa ya kocha, ikabidi aiache. Kazi ya mashine nayo akaiacha, akasema macho yamechoka. Akapanda Uluguru kwenye ardhi ya ukoo, kwa mama yangu, mtu mzima na mvi zake akamwomba dada yake amkatie kipande cha kulima maharage.

Msimu uliofuata yule kijana akatupandisha daraja. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Sukari wakati huo ilikuwa ya foleni, nasi kwenye foleni hatukusimama, tuliweka mawe. Kila mtu na jiwe lake linamshikia nafasi, wenyewe tumejikusanya pembeni ya duka la ushirika, tunavutana.

"Kijana ametuvusha," anasema mtunza stoo. "Mzee miaka yote ile alituvusha wapi?"

"Ah, wapi!" anamrukia mwalimu mmoja wa kike wa Kilakala, mama ambaye hakukosa mechi hata akiwa na mimba ya miezi minane. "Wachezaji ni wa nani? Pumzi ile ni ya nani? Kijana wako kakuta ugali umeshasongwa, yeye kaja na kijiko!"

"Na mzee na ugali huo huo si alikula tatu bila?"

Basi hapo vicheko, matusi ya utani, watu wanachora mipango ya mpira kwenye vumbi kwa vijiti. Kisha wananigeukia: "Katibu, wewe ndiye unayemjua mzee ndani nje. Hebu sema." Nami nasema, tusubiri msimu uishe. Siku moja tulibishana mpaka duka likafungwa, sukari imekwisha, mawe yetu yamebaki yamejipanga mlangoni. Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka nao, na nikifika chumbani kwangu nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua shati.

Msimu wa pili ubao haukusaidia. Pumzi aliyowawekea mjomba iliisha, na kijana hakuwapandisha mlimani, kitabuni alisoma kwamba mlima unaua magoti. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini. Safari moja lori letu likafa Mikese, tukarudi mjini kwa miguu, wachezaji na mashabiki pamoja. Ikabaki mechi tatu, na tusiposhinda mbili tunashuka.

Sasa wote wakamtaka mzee. Na ajabu yake, hakuna aliyenyoosha mkono siku ile! Huyu alikuwa zamu, yule alikuwa anaumwa, mwingine alinyoosha mkono kuomba kuuliza swali. Mtunza stoo aliniruka kimanga mchana kweupe: "Mimi? Mimi nilisema neno moja tu la utani." Daftari lilikuwa kwapani kwangu. Ningelifungua nikawasomea, lakini jina la kwanza mle lingekuwa la nani?

Niseme haki, yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe ofisini kwangu, kofia mkononi, macho mekundu. "Kaka," akaniambia, "nenda kamlete mzee. Mimi nitakuwa msaidizi wake, nitambebea hata mipira." Mkutano ukaitwa, na safari hii mikono ilipanda bila kungoja mtu. Katibu atumwe mlimani.

Nilipanda asubuhi. Njiani nilipishana na kina mama wanashuka sokoni na matenga ya kabichi kichwani, wananipokea shikamoo zangu bila kupunguza mwendo. Moyo ulinipanda kwa furaha, nakiri. Nilijiambia Mungu amenifungulia mlango. Akirudi, kila kitu kitafutika, atakaa tena kwenye benchi lake, nami nitaweza kumtazama usoni.

Nilimkuta barazani kwa mama, amekonda, sweta limemvaa yeye. Mbele yake palikuwa na ungo, na juu ya ungo punje kumi na moja za maharage, amezipanga nne, mbili, nne. Redio ya mama ilikuwa haina betri tangu lini sijui, betri hazikupatikana, kwa hiyo matokeo aliyapata kwa wanaorudi sokoni, naye akaichezesha timu ile kwenye ungo peke yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kaa. Beki wa kushoto bado anapanda sana?"

"Bado."

"Ah." Akasogeza punje moja nyuma.

Nikatoa ujumbe wote, wa mashabiki, wa mwenyekiti, wa yule kijana na mipira yake. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga, nikaona mikono yake imesimama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Niliona wazi kwamba anataka. Miguu yake ilishaanza kuchezacheza chini.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kwanza nisaidie kitu kimoja. Siku ile nilijiambia, wengine wote wananijua kwa nje. Huyu nimemlea, ameniona nikiwa na hasira, ameniona nikiwa na homa. Kama yeye amenyoosha mkono wa kwanza, kuna kosa ameliona ambalo mimi silioni. Nimelitafuta huu mwaka wa pili. Mechi ile nimeipanga hapa mara ngapi! Silipati. Niambie, mjomba, nilikosea wapi? Nisije nikarudi nikalirudia."

Hakuwa na kinyongo hata chembe, na heri angekuwa nacho. Heri angenitukana, angenipiga bakora mbele ya mama. Mtu yule alikuwa ameniheshimu kiasi cha kuamini kwamba mkono wangu ulikuwa na sababu.

Nilipaswa kusema: hukukosea popote, mjomba. Niliogopa neno la mtunza stoo. Maneno mepesi kabisa. Lakini mama alikuwa ameinua uso ananitazama. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ni kile kidole cha kipa."

"Alikificha," akasema mjomba. "Alikuwa na glavu."

"Aliivua kidogo wakati wa kupasha moto. Kilikuwa kimevimba. Wewe ulikuwa unaongea na refa. Sisi tuliokuwa pembeni tulikiona."

"Wote?"

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, na uso wake, toba yarabi, uso wake ukapata nafuu. "Kumbe," akasema. "Basi hilo ndilo. Uzee huo. Nimewauliza wenzake wote siku ile wamelalaje, yeye nikampita." Akaokota punje ya kipa kutoka kwenye ungo, akaishika. "Mtoto wa watu amecheza na mfupa uliovunjika na mimi nimesimama pale. Hapana, mpwa wangu. Waambie nashukuru. Kocha asiyeona mchezaji wake anaumia hafai kurudi."

Nilimsihi. Nilimwambia ni jambo dogo, watu wameshasahau. Nilisema kila kitu isipokuwa lile moja. Akanisindikiza mpaka penye mgomba wa mpakani, akaniambia nishuke taratibu, njia inateleza.

Tulishuka daraja. Wakati wa mavuno mjomba aliteremsha maharage sokoni, mashabiki wakamzunguka, mzee kwa nini ulitutupa? Naye, kwa ule ukweli wake, akawaeleza: nilikosea, nilimchezesha kipa mgonjwa, kidole kilionekana na mimi sikukiona. Wakaduwaa. Juma lile lile kwenye foleni mtunza stoo alipata sauti yake tena: si mnasikia, mwenyewe amekiri! Hata yule mwalimu wa Kilakala aliokota jiwe lake, akaondoka. Kuanzia hapo, ubishi wa mzee na kijana ukipamba moto, kuna mtu atataja kidole, na ubishi unaishia hapo.

Alikufa masika iliyofuata. Tulimzika huko huko juu, kwenye ardhi ya mama zake, mvua inanyunya. Timu nzima ilipanda, na kijana wa Ulaya Mashariki alibeba jeneza mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kupokewa. Watu walipoanza kufukia, kipa akanivuta pembeni. Alikuwa analia bila kujificha.

"Katibu, nani alimwambia mzee kidole kilionekana? Glavu nilivaa tangu nyumbani. Sikuivua hata kidogo. Nimewaambia watu, hawaniamini, wanasema namtetea marehemu. Nani alimwambia?"

"Sijui," nikasema.

Alinitazama. Kisha akachukua jembe kwa mtu aliyechoka, akalishika kwa ule mkono wenye kidole kilichopinda, akarudi kaburini kufukia.