Herufi Niliyoisahihisha Kirushya

Habari ilinifikia Lusahunga, nikisubiri lori la kunipeleka Ngara: fundi mchoraji aliyeandika nusu ya maneno yanayosomeka kwenye mabodi ya malori ya barabara hii amefariki, na ameshazikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kuwa sikai mahali pamoja, hivyo mazishi ya watu wangu hunipita. Haya yamenipita vibaya, maana kuna jambo kati yetu ambalo hatukulimaliza.

Alikuwa na kitabu cha picha za Ulaya, kisicho na jalada, alichokipata mnadani katikati ya mitumba. Yeye aliishia darasa la saba, kwa hiyo aliniomba nimsomee Kiingereza chake. Kitabu kilitenga mitindo miwili. Wa kwanza ni urasimi mpya: mstari kwanza, rangi baadaye, watu wamesimama kama sanamu za kale, mwanga umetulia, alama ya brashi haionekani. Wa pili ni ulimbwende: rangi inaumeza mstari, mawingu yanapigana, binadamu ni mdogo mbele ya dhoruba. Alizitazama picha, kisha akasema, "Mwalimu, huyu wa kwanza alichora akiwa ameshajua. Huyu mwingine alichora huku anaogopa." Aliniita mwalimu kwa utani, nami niliupenda utani huo kuliko ilivyofaa.

Baadaye familia zenye asili ya Burundi kule Kirushya zilimwomba achore, kwenye ukuta wa banda lao la mikutano, jinsi wazee wao walivyovuka mto wa mpakani kuja huku. Nilimkuta akimalizia. Alikuwa amechagua dhoruba: maji ya udongo, migongo iliyoinama, chungu kinachoponyoka kichwani, hakuna uso uliokamilika. Juu ya picha, karibu na paa, ameandika WATU WA MBARI. Nikacheka.

"Fundi, hiyo ni mbali, kwa L. Mbari ni ukoo."

Bibi mmoja aliyevuka mto ule akiwa mgongoni mwa mama yake alikuwa pembeni anachambua maharage. "Mwache," akasema. "Kwani sisi si ukoo?"

"Shikamoo bibi. Lakini Kiswahili ni Kiswahili."

"Marahaba. Haya, mwenye Kiswahili."

Fundi aliona aibu. Akafuta R, akaweka L. Kisha, kana kwamba picha nzima sasa ina kosa, akachukua rula na rangi nyeusi, akaunyoosha kila mgongo, hadi wale watu wakasimama wima kama wako kwenye gwaride.

Msimu uliofuata kukawa na shauri la mpaka wa shamba la yule bibi, likasikilizwa kwenye banda lile lile. Jirani yake akanyoosha kidole ukutani: "Si mmejiandika wenyewe? Watu wa mbali." Bibi akapoteza mistari miwili ya migomba. Fundi alinieleza kwenye simu bila kunilaumu. "Tutairudisha ile R, mwalimu. Uje unishikie ngazi." Nikasema nakuja. Nikaenda Biharamulo, nikaenda Bisibo, nikaenda kokote isipokuwa Kirushya.

Jana nilifika. Bibi alinitambua kabla sijamwamkia.

"Umekuja kusahihisha tena?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukosea."

Hakucheka. Alinionyesha ilipo ngazi, akaishika mwenyewe. Mkono wangu si wa fundi; R yangu imepinda, na rangi imechuruzika hadi chini. Siichukii rula. Lakini kabla hujainyoosha kauli ya mtu, muulize kwanza anasema nini, na umuulize angali hai.