Omena Haitaki Hasira

Mtu akiniambia nitulie, hapo ndipo mimi hupanda hasira. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikilalamika, na kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kisumu hakujanipunguzia kitu. Kwa hivyo daktari aliponiambia kwamba uvimbe kwenye kizazi changu hautaondolewa mpaka presha ishuke, nilijua nimepatikana.

Na uvimbe ule ulikuwa lazima utoke. Damu ilinitoka nyingi kila mwezi hadi nikawa nafundisha nimeegemea ukuta, wanafunzi wakidhani ni madaha. Mara mbili nilikwenda hospitali na mkoba wangu, leso, ndara na mswaki, na mara mbili nikarudishwa. Nesi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akatazama mashine, akatikisa kichwa. Nenda nyumbani, Mama, alisema, upunguze mawazo. Nipunguze mawazo! Utadhani mawazo ni chumvi.

Binti yangu, anayesoma chuo kikuu kule Bondo, aliniwekea programu kwenye simu ya kunifundisha utulivu. Mwanamke mwenye sauti ya usingizi aliniambia nifumbe macho nijione nimeketi ufuoni nasikiliza maji. Sasa mimi ni mtu wa Kisumu, ufuo naujua. Una inzi, una magugu, na una vijana wanaoosha magari huku muziki umefunguliwa hadi mwisho. Nilifumbua macho nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyoyafumba. Kisha akaniambia niwe hapa nilipo. Kwani nilikuwa wapi tena?

Lakini lile neno lilinikwama, maana kweli sikuwa pale. Nilikuwa nakaanga mayai jikoni huku kichwani nabishana na mwalimu mkuu. Nilikuwa naoga huku nawaandikia wazazi wa darasa langu majibu makali ambayo sikuwahi kuyatuma. Mayai yaliungua mara nyingi sana mwaka ule.

Shule zilipofungwa Agosti, mume wangu akasema niende Usenge, kando ya ziwa, kwa mama yake nikapumzike. Kupumzika kwa mama mkwe! Wanawake wenzangu mnanielewa. Mama mkwe wangu ni mjane, hununua omena, yaani dagaa, asubuhi mashua zinapofika, akaianika, akawauzia wachuuzi. Mimi aliniita Nyar Bunyore, yaani binti wa Bunyore, kwa sababu kule mke huitwa kwa alikotoka, hata akikaa miaka mingapi. Alinipa siku moja ya kulala. Siku ya pili akanipa kofia ya jua.

Kazi yenyewe ukiambiwa ni nyepesi. Unatandaza nyavu kuukuu mchangani, unamwaga omena, unaisambaza kwa mikono isilaliane, jua likipanda unaigeuza. Mimi niliigeuza kama ninavyofanya kila kitu, chap chap, ili niende kwa kinachofuata, ingawa hakukuwa na kinachofuata. Na kila nilipoinama, mama mkwe alisema kutoka upande wa pili wa wavu, "Mos, Nyar Bunyore."

Neno hilo linahitaji maelezo kidogo. Mos kwa Kijaluo ni kama pole yetu. Aliyefiwa huambiwa mos, aliyejikwaa huambiwa mos, mgonjwa ndiye usiseme. Na mimi pole zilikuwa zimenifika hapa. Kina mama wa kanisani walinipa pole wakiinamisha vichwa, majirani vivyo hivyo, hadi muuza mboga. Sasa huyu naye anaitangaza mbele ya wanawake wote wa ufuoni, asubuhi mos, adhuhuri mos, utafikiri maiti yangu imeshafika. Nilimeza, nikameza. Asubuhi ya tatu nikayatapika yote.

"Mama," nilisema, nimesimama na omena mikononi, "mimi sitaki kuhurumiwa. Bado sijafa."

Mama mkwe aliniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Nani amekuhurumia wewe?" akasema. "Si unavunja omena yangu!"

Nikatazama chini. Kweli, pale nilipopita mimi palikuwa na vichwa huku na mikia kule. Omena ambayo bado haijakauka sawasawa ukiivuta kwa pupa inakatika, na iliyokatika mchuuzi anaibetulia mdomo. Mos yake haikuwa pole ya msiba. Ilikuwa ile pole nyingine, ya polepole. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ninayewafundisha watoto kila mwaka kwamba pole na polepole ni ndugu wa tumbo moja! Wanawake walicheka, mmoja akaketi kabisa mchangani kwa kicheko. Niliona aibu, kisha kicheko kikanishika na mimi, na nikacheka mpaka ubavu ukauma. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mwaka uanze.

Basi nikaanza upya. Unapitisha kiganja chini ya omena, unainyanyua, unaigeuza, unaiachilia. Huwezi kufanya hivyo huku unagombana na mwalimu mkuu, vidole vinakusaliti papo hapo. Alinijia kichwani, mwalimu mkuu, tena na tai yake. Nikasikia omena moja imekatika, nikarudi kwa vidole. Akaja mzazi mmoja mkorofi, nikarudi kwa vidole. Mchanga ulikuwa na joto chini ya magoti yangu, yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wanatuvizia kwa mwendo wa wezi, na harufu, jamani, ile harufu niliyokuwa nikiikunjia pua, ilikuwa na utamu wake wa ziwa na jua. Kumbe nilikuwa na magoti. Kumbe nilikuwa na pua. Nilifurahi kuvipata.

Msije mkadhani mama mkwe wangu ni mtu wa hekima tulivu. Hata kidogo. Alasiri moja mvua ilitokea upande wa visiwani bila hodi, na yule yule wa mos alipiga kelele za kuamsha mji, akinisukuma, akiniita mzembe kwa lugha mbili, akibeba nyavu na kuniangushia nyingine mgongoni. Alikuwa na presha ya soko na alitaka omena yake iwe nzima, basi. Nilimpenda zaidi siku ile.

Niliporudi Kisumu niliendelea, bila mwanamke wa simu. Nilipoosha vikombe niliosha vikombe. Nilipoandika ubaoni nilisikiliza chaki. Nilipokatakata sukuma wiki niliziangalia zinavyolala. Siku nyingine nilishindwa vibaya. Kuna bwana mmoja aliyeniruka kwenye foleni ya benki, ambaye nadhani bado anasimulia nilichomwambia. Lakini hata siku hiyo nilijisikia nikipanda, ilhali zamani nilikuwa najikuta nimeshafika juu.

Siku ya hospitali mama mkwe alisafiri kutoka Usenge akasema atanisindikiza, na hakuna aliyemwomba. Aligombana na mlinzi langoni, akagombana na mtu aliyekalia kiti changu. Nikavishwa gauni lao, nesi akanifunga kitambaa. Safari hii sikuitazama mashine. Niliusikia mkono ukibanwa, nikazisikia pumzi zikiingia na kutoka, nikamsikia mtu koridoni akiburuta ndoo. Nesi alitazama, akapima tena. Moyo ulitaka kukimbia mbele kuuliza, nikauacha uulize, nikabaki na ule mbano.

"Leo hatukurudishi," akasema.

Nilifurahi, nikaogopa, vyote kwa pamoja. Nikageuka kumpa mama mkwe habari, nikamkuta jasho limemlowesha kitambaa cha kichwa. Nesi akamketisha, akampima na yeye. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu ilivyowahi kufika. Nesi akamwambia apumue, atoe mawazo. Mama mkwe akamtazama kama anayetaka kumpiga.

Nikachuchumaa mbele yake, na gauni lao la hospitali lililo wazi mgongoni, nikamshika mikono. Alikuwa analia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika baba mkwe.

"Usikufe huko ndani," akaniambia. "Utaniachia huyo kijana wangu, na hajui hata kupika ugali. Mimi nimechoka na yeye. Nilikupatia wewe."

Nilicheka mpaka nesi akaja mbio kunikataza, akisema nitapandisha presha tena na wataahirisha. Mama mkwe naye akashikwa na kicheko. Walinisukuma kwenye kitanda cha magurudumu nikiwa bado nacheka, kofia yao ya plastiki imenishuka hadi kwenye nyusi, na nyuma yangu nilimsikia akimwambia nesi, kwa sauti ya kusikika koridoni kote, kwamba huyo wamwangalie vizuri, huyo ni wake.